Bonyeza Mbili Kukataa

Mimi nina mdomo, na huo mdomo ndio ulionipatia kazi. Sijisifu. Mama anasema nilizaliwa nikigomba, na baba alikuwa akimjibu kwamba afadhali mtoto anayegomba kuliko anayenuna, kwa sababu wa kununa hujui anataka nini.

Nilikuwa nauza kwenye duka la pembejeo Sumbawanga mjini: mbegu, mbolea, dawa ya viwavi, mabomba ya kupulizia. Siku moja akaingia kijana wa Mbeya, kavaa fulana ya kampuni yake, akaomba kubandika tangazo mlangoni. Mkulima, uza mahindi yako kwa simu. Alinikuta nimeshiba hasira. Hicho kitu chao kilikuwa kimeshanitesa wiki nzima, maana mkulima akikwama anamuuliza nani? Dada wa dukani. Menyu yenyewe ilimdai mtu namba ya kitambulisho kabla hata haijamwambia karibu, na ukikosea tarakimu moja unarudishwa mwanzo kabisa. Wazee wa watu wananitazama na simu zao ndogo za kitochi mkononi kama nimewatapeli mimi.

"Kaka," nikamwambia, "aliyetengeneza hiki kitu amewahi kumwona mkulima, au alisimuliwa tu?"

Alicheka. Kisha akauliza kingine kibaya ni kipi, nikamtajia, akauliza kingine, nikamtajia, mpaka wateja wakaanza kuguna nyuma yake. Baada ya siku chache akanipigia niende ofisini kwao, hapohapo mjini. Kumbe yeye ndiye bosi mwenyewe, na tangazo alikuwa anabandika kwa mkono wake kwa kuwa kampuni ilikuwa bado changa. Huko ndiko nilikosikia kwa mara ya kwanza neno prodakti ona.

Alinieleza hivi: upande huu kuna wakulima wanaotumia, upande ule kuna mafundi wa kompyuta wanaotengeneza, na katikati anasimama mtu mmoja anayesema tuanze na hiki, kile kisubiri, hiki hakifai. Mtu huyo ndiye prodakti ona. Kikitoka kizuri ni cha wote, kikitoka kibovu ni chake. Nikamwambia sijawahi kuifanya kazi hiyo, wala sijawahi kumwona anayeifanya. Akasema anajua. Angenipa miezi mitatu ya majaribio. Mfumo mpya ukienda hewani kabla msimu wa kuuza haujaisha, na wakulima wakautumia, nitathibitishwa. Isipokuwa hivyo, tutaagana kwa amani.

Kwa amani! Mwenye duka alikuwa ameshaleta binti mwingine siku ileile niliyoaga. Nyuma yangu palikuwa pameshazibwa.

Nilimpigia baba kijijini.

"Shikamoo baba."

"Marahabaa, mama. Mama hujambo?"

Ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake mzazi. Hiyo marahaba yake huwa anaivuta, kama mtu anayenyoosha mgongo baada ya kuinuka kwenye matuta. Nimeisikia tangu nipo mdogo, na nilipokuwa nasoma bweni nilikuwa napiga nyumbani kwa simu ya matroni kwa ajili ya hiyo tu, nikishaisikia natafuta shida ya kusingizia. Nikamweleza kuhusu kazi.

"Kwa hiyo wewe ndiye mwenyewe?"

"Siyo mwenyewe baba, ni kama msimamizi."

"Sasa asimamie nani kama siyo mwenyewe?"

Nikaacha. Kesho yake kijiji kizima, na nusu ya mji wa Chala, walikuwa wanajua kwamba binti wa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima amefungua kampuni.

Huyo mwenye kampuni, yaani mimi, alikuwa analia chooni. Nasema kweli. Mafundi walikuwa Mbeya, na kila asubuhi tulikutana kwa simu, na kila asubuhi walizungumza maneno ambayo mimi nilijibu "sawa, sawa," halafu nikaenda chooni kuyatafuta kwenye intaneti. Mkubwa wao alikuwa na adabu sana, adabu ile ya mtu anayesubiri uteleze ili akuokote. Siku ya kwanza aliniuliza, "Dada, kipaumbele chako ni kipi?" Nikamtajia vyote: usajili, bei, lugha, ujumbe, ramani ya maghala.

"Vyote haviwezi kuwa vya kwanza, dada," akasema.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Usiniulize nilijibu nini. Nilijua tu kwamba ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na mimi niliinama mpaka shingo ikauma. Nilijifunza kuchagua kimoja. Nilijifunza kumwambia bosi kwamba alichokiota jana hakitafanyika wiki hii. Kila nilipomaliza kusema hapana kwa sauti kavu, nilikuwa nahesabu moyoni watu wanaoweza kunipa kazi nyingine mjini pale. Sikupata hata mmoja.

Ndipo tukafika kwenye kuuza kwenyewe.

Mpango wa bosi ulikuwa mwepesi. Mnunuzi anaweka bei yake, ujumbe unamfikia mkulima, bonyeza moja kukubali, bonyeza mbili kukataa. Akibonyeza moja, lori la Fuso linakuja kubeba. Lakini mkulima aliyesajiliwa alikuwa ni nani? Ni mwanaume. Shamba lina jina lake, laini ina jina lake, kikundi kinamjua yeye. Nikasema hiki hakipiti.

Kwetu, shamba ni la baba, kihenge cha kuwekea mahindi ni cha mama. Hakuna sheria iliyoandikwa, na sisemi Ufipa nzima ni hivyo, nasema kijijini kwetu. Baba yangu ni mwenyekiti, anaweza kufoka mpaka bati likatetema, lakini sijawahi kumwona akifungua kihenge mama hayupo. Mama ndiye anayejua yale mahindi yatatufikisha wapi, nani atajifungua, nani ataugua, mgeni gani atakuja na kukaa. Kulikuwa na jirani mmoja aliyeuza mahindi mke wake akiwa kwao msibani. Mpaka leo wajukuu wake wakigombana na wenzao wanaambiwa, nyie si ndio wa yule aliyejiibia.

Kwa hiyo nikataka ujumbe uende kwa wote wawili, mume na mke, na mauzo yasikamilike mpaka mke naye abonyeze moja.

"Itachelewesha," bosi akasema. "Mnunuzi hana muda wa kusubiri mambo ya ndani ya watu."

"Basi anunue mahindi ya wasio na ndani."

"Dada, una mwezi mmoja umebaki. Unataka kuutumia kwa hili?"

"Mimi ndiye prodakti ona, au siyo?"

Nilijua kabisa anaweza kusema siyo, nichukue mkoba wangu niondoke.

"Ni wewe," akasema.

Jamani, siku ile nilitembea kutoka ofisini mpaka kwangu siioni barabara. Nilijiona mtu. Mafundi wakaanza kujenga, na Ijumaa moja jioni yule mkubwa wao akanipigia, sauti imechoka, na mimi nimechoka, njaa inaniuma. Akauliza, mke akikataa, ujumbe wa kwenda kwa mume na mnunuzi uandikweje?

"Andika tu mauzo yamekataliwa na mwenza," nikasema. "Watu waelewe."

Tena nililisema kwa fahari. Niliona ni haki lisemwe waziwazi.

Majaribio tuliyafanyia kijijini kwetu, maana baba ndiye aliyekiita kikundi. Nilishuka Chala, nikachukua bodaboda, baridi ya mwezi wa sita inapita kwenye sweta kama haipo. Uani kwetu wanaume wamekaa kwenye mabenchi na makoti yao, wanawake kwenye mikeka upande wa jikoni. Nikaeleza. Nilipofika kwenye ujumbe wa pili, ule wa mke, wanaume wakaanza kukohoa. Mmoja akauliza kama serikali inajua. Nikamwona baba ananitazama, kisha anamtazama mama, kisha anacheka.

"Yaani hata kwenye simu atanisimamia?"

Watu wakacheka naye. Akainuka, akajisajili wa kwanza. Halafu akasema kwa sauti ya mkutano, "Hiki ni kitu cha binti yangu. Mwenye tatizo nacho aniambie mimi, asimwambie yeye." Wakajipanga wote. Sikuwa nimemwomba aseme hivyo, nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Jioni nikakaa na mama jikoni. Alikuwa anasonga ugali wa ulezi, migebuka, samaki wa ziwani kutoka Kabwe, iko pembeni inachemka. Kitochi chake, kilichofungwa kwa mpira, kilikuwa juu ya kinu.

"Nikibonyeza mbili," akaniuliza, "baba yako ataona?"

"Ataona mama."

"Na mwenye gari?"

"Naye ataona."

Akaendelea kusonga. Mimi nikaona ameridhika.

Mfumo ukaenda hewani wiki mbili kabla miezi yangu mitatu haijaisha. Siku ya kwanza ikapita kimya. Ya pili hivyo hivyo. Wakulima walifungua, wakatazama bei, wakafunga. Bosi akaacha kuja mezani kwangu. Mafundi wakawa wanajibu kwa neno mojamoja. Baba akanipigia kuuliza imekwendaje, nikajikuta namwambia ukweli: hakuna aliyeuza, baba, na wasipouza narudi nyumbani kulima na nyinyi. Nilisema kama utani. Akasema nisiogope, Mungu yupo.

Keshokutwa yake, saa nne asubuhi, kioo cha kompyuta kikabadilika. Muuzaji wa kwanza. Niliijua namba ya baba kabla sijalisoma jina. Mume: amekubali. Mwenza: inasubiri.

Bosi alikuja akasimama nyuma yangu. Tukatazama. Inasubiri. Mfumo ulikuwa unamkumbusha mwenza kila baada ya muda mfupi. Hilo nililiomba mimi mwenyewe, ili mnunuzi asilalamike. Inasubiri. Inasubiri. Halafu: amekataa.

"Umeona!" bosi akapiga makofi. "Umeona! Inafanya kazi! Mke amekataa na mahindi hayajatoka!" Akawapigia mafundi hapohapo, akaweka sauti ya nje, wakashangilia huko Mbeya, na yule mkubwa wao akasema, "Hongera dada, ulikuwa sahihi." Bosi alinipa mkono. Nilimpa wangu, umelegea.

Kwa sababu pale pale nililiona akilini turubai la mama.

Kwetu mama hakatai. Sijawahi kumsikia mwanamke wa kijijini kwetu akimwambia mumewe hapana mbele ya mnunuzi. Kama hataki kuuza, anatoa debe mbili tatu kwenye kihenge, anatandika turubai uani, anaanika. Basi. Mnunuzi akifika anakaribishwa, anapewa kikombe cha togwa, na baba anamwonyesha uani kwa kidole: si unaona, bado yanaanikwa. Mnunuzi anatazama mahindi makavu kabisa yanayolia kama kokoto, anasema kweli mzee, jua la siku hizi ni dogo, nitapita siku nyingine. Anamaliza togwa yake anaondoka. Mama ameshinda, baba ameshinda, na mgeni ameshiba. Nimeyaona hayo utoto wangu wote. Nililetwa kwenye ile kazi kwa sababu ninayajua. Lakini kwenye simu niliweka moja na mbili.

Nikatoka nje nikampigia mama. Alipokea akiwa anahema.

"Baba yako alitaka kitu chako kianze na mahindi yetu," akasema. "Nikamwambia kihenge kimeshuka, mke wa kaka yako anakuja kujifungulia hapa, tutakula nini kipupwe kikiisha. Akasema mtoto wetu atafukuzwa kazi. Nikaona nisibishane naye, nikaanika."

"Ulianika?"

"Tangu asubuhi! Baba yako kaja na gari, ameshabonyeza moja njiani, watu wa kikundi wamekaa wanaangalia, maana aliwaita waje waone. Baba yako kaliona turubai, kaniangalia, akaelewa. Akamwambia mwenye gari, bado yanaanikwa. Mwenye gari akasema hayo hayamhusu, mzee umeshabonyeza moja, nasubiri ya mama tu. Na simu inalia. Inalia, mwanangu. Bonyeza, bonyeza. Watu wote wananitazama mimi. Ningefanyaje?"

"Ukabonyeza," nikasema.

"Nikabonyeza. Yule mwenye gari simu yake ikalia, akaisoma kwa sauti. Mauzo yamekataliwa na mwenza. Kuna mtu akacheka."

"Baba yuko wapi?"

"Amekwenda shamba. Amesema asante ya punda ni mateke."

Nilimpigia baba. Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Ndani ofisini walikuwa wanaagiza soda.

Bosi alinithibitisha wiki ile ile, bila kungoja siku zilizobaki. Habari ya mke aliyezuia Fuso ilishafika Namanyere kabla hata ya barua yangu kuchapwa, na wanawake walikuwa wanawaambia waume zao, sajili na mimi. Wakulima wakaanza kuuza. Nilikuwa nimepata nilichokuwa nakililia chooni, na ndugu yangu, nilikipokea kama ninapewa rambirambi. Nilikaa kwenye kiti changu, sasa ni changu kweli, nikamwambia yule fundi mkubwa kipaumbele changu ni kimoja tu. Baada ya moja na mbili, iwepo tatu: bado yanaanikwa. Na ile kelele ya kumkumbusha mwenza iondoke.

"Lakini dada, tatu si ndiyo mbili ileile? Hajauza."

"Siyo ileile."

Hakuuliza tena. Aliijenga. Sasa hivi karibu kila mwanamke asiyetaka kuuza anabonyeza tatu, mbili haiguswi. Wanunuzi wakiipata wanajua, wanajibu kwamba watapita siku nyingine. Bosi anaisimulia kwa wageni kama jambo tulilolifikiria tangu mwanzo. Namwacha asimulie, maana nikifungua mdomo nitalia mbele ya wageni.

Nilikwenda nyumbani nilipopata ruhusa. Chala nilimkuta mwanakikundi mmoja, akaniambia baba ameachia uenyekiti, eti magoti yanamsumbua. Magoti! Baba yangu anayeshuka Kabwe kwa miguu kufuata samaki. Niliilaani barabara nzima, vumbi lake, bodaboda na mwenye bodaboda, mpaka naye akaniambia dada, mbona hujapanda na adui yako.

Mama alinipokea mkoba kwenye njia. Alikuwa ameshamweleza baba kuhusu tatu. Kwenye simu aliniambia baba amesikiliza mpaka mwisho na hakusema kitu. Sasa akanionyesha kwa kichwa upande wa nyuma ya nyumba, akabaki pale pale na mkoba wangu, haingii ndani.

Baba alikuwa amekaa juu ya gogo, anachonga mpini wa jembe. Nilimwona amekonda. Nilipiga goti kama ninavyopiga siku zote, nikaweka mikono pamoja.

"Shikamoo baba."

Aliugeuza mpini, akautazama upande wa pili, akapuliza vumbi la mti. Nilisubiri. Nilikuwa nimeisubiri tangu Sumbawanga, njia nzima, ile marahaba ndefu.

"Haya," akasema.